Bibi Akija Kumwona Mjukuu

Bibi akishuka basi la Moshi na ndizi zake za mtori, mkabidhi jiko siku hiyo hiyo. Mimi nilimwachia mama mkwe: mtori wa moto asubuhi, supu usiku, nami nikabaki na kazi moja, kunyonyesha. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, kwa hiyo akilala mchana, nawe lala. Vyombo viache.

Penye ubishi ni maji. Bibi atasema joto hili la Dar, mtoto ana kiu. Asipewe hata kijiko. Maziwa ya mama yanamtosha hadi miezi 6. Usibishane naye mbele ya wageni, ni mama yako. Nenda naye kliniki amuulize nesi mwenyewe. Mama mkwe wangu alirudi akawa ndiye anayewakatalia majirani! Kitovu nacho kiwe safi na kikavu, bila majivu wala mate.

Babu apokee wageni barazani: wanawe mikono, wenye mafua waje wakipona.

Mtoto akifika nyuzi 38 au akigoma kunyonya, mpelekeni hospitali hata saa nane usiku.