Ukitumiwa klipu ya "kima wamepona Parkinson" fanya hivi kwanza

Kama una mzee mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka mkono na kuburuza miguu, hiyo klipu itakufikia tu, mimi shangazi wa Ujiji kanitumia mara tatu na kila mara anasema tuuze shamba babu akapandikizwe seli za kima. Tulia kwanza.

Angalia seli zimetoka wapi. Sio za kima jamani, ni za binadamu, damu ya mtu mzima wa afya inarudishwa maabara iwe seli shina, yani seli inayoweza kugeuka seli za aina nyingine, alafu inafundishwa kuwa seli za kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo. Kima ni wa kujaribia tu, na sisi wa Kigoma tukisikia mambo ya nyani tunawaza Gombe, hapana, hawa ni kima wa Asia wanaoitwa "macaque", sio sokwe wetu.

Alafu uliza huyo kima aliumwaje, mana hapa ndo klipu zinadanganya. Anachomwa sumu inaitwa MPTP inayoua seli za dopamini, ilijulikana 1982 kule California baada ya watu kujidunga heroini feki wakaganda kama magogo. Yani kima anaharibiwa kwa muda mfupi kisha basi, babu ugonjwa umemla miaka na bado unamla, kwahiyo kima kuchangamka sio babu kuchangamka.

Cheki pia walimfuatilia muda gani, mana kinachoogopwa ni seli kuzaliana mpaka ziwe uvimbe kichwani. Chuo Kikuu cha Kyoto kule Japani kwenye kazi yao ya 2017 waliangalia kima mpaka miaka 2, uvimbe hawakuona, 2018 ndo wakaanza na watu. Majibu yametoka 2025: wagonjwa 7, sita wakapimwa kama seli zimesaidia, wanne mwendo uliwarudia kiasi hata kabla ya kumeza dawa. Nafuu hiyo, sio kupona. Anayekuomba hela akuingize kwenye utafiti mkimbie.

Shamba liacheni, shikeni saa ya kumeza levodopa, dawa ya kawaida ya Parkinson. Babu alikuwa anaimeza katikati ya ugali na dagaa tukasema dawa imechoka, kumbe protini inagombania njia na dawa. Sasa anameza nusu saa kabla ya kula, nesi wa kliniki ndo alituelekeza, na nyie ulizeni kwanza kwenu, mana wengine tumbo tupu linawatapisha.