Jinsi ya Kupanga Chakula, Mapumziko na Michezo katika Likizo ya Familia Kampala na Entebbe

Siku ya familia kwenye bustani ya michezo huharibika mara nyingi kati ya saa saba na saa tisa mchana, pale mtoto aliyekuwa akicheka asubuhi yote anapoanza kulia na kugombana na ndugu zake bila sababu inayoonekana. Sababu ipo: ana njaa, ana kiu, jua limemchosha na saa yake ya kulala imempita. Mimi husindikiza familia zinazotoka Busia, Tororo na Mbale kuja Kampala na Entebbe wakati wa likizo za shule, na kwa kila familia nasisitiza jambo moja, kwamba saa za kula na za kulala zipangwe kwanza, kisha michezo ijaze nafasi inayobaki. Wazazi wengi hufanya kinyume kwa kuwa wamelipa kiingilio na wanataka kila shilingi itumike, lakini mtoto aliyechoka hafurahii hata mchezo alioungoja mwaka mzima.

Hatua ya 1: Andika ratiba ya nyumbani kabla ya kusafiri

Chukua karatasi uandike saa ambazo kila mtoto hula, hulala mchana na hulala usiku anapokuwa nyumbani. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha ule wa mchana, na wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Mahitaji hayo hayapungui kwa sababu ya likizo. Kama bibi au babu yumo safarini, andika pia saa za dawa zake na chakula anachopaswa kula kabla ya kuzimeza. Karatasi hii ndiyo msingi wa hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Siku ya kufika iwe ya kufika tu

Kutoka Busia hadi Kampala ni takriban kilomita 200, na msongamano wa malori kwenye barabara ya Jinja unaweza kuifanya safari iwe ndefu kuliko ulivyotarajia. Simameni Namawojjolo, soko la kando ya barabara hiyo, mle gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa kuchoma, mkichagua kinachotoka motoni mbele ya macho yenu, badala ya kile kilichokaa kwenye vijiti tangu asubuhi. Mkifika Kampala, ogesheni watoto, walisheni chakula cha jioni mapema, walale. Bustani ya michezo ingojee kesho.

Hatua ya 3: Panga michezo kwa kufuata tumbo

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu zaidi. Kichefuchefu cha michezo ya kuzunguka hutokea pale sikio la ndani linapouambia ubongo jambo moja kuhusu mwendo wa mwili na macho yakauambia jingine, na watoto wa kati ya miaka 2 na 12 huathirika zaidi kuliko watu wazima. Tumbo lililojaa mafuta huzidisha hali hiyo, na tumbo tupu nalo halisaidii. Kwa hiyo kifungua kinywa kiwe chepesi lakini cha kushibisha: uji, ndizi mbivu, mkate au kiazi kitamu, pamoja na yai la kuchemsha. Rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga, ni chakula kizuri na watoto wanakipenda, ila kwa mafuta yake nashauri iliwe baada ya michezo ya kasi kumalizika.

Ingieni bustanini inapofunguliwa, kabla ya foleni kurefuka na jua kukaza. Anzeni na michezo ya kasi na ya kuzunguka, mkipumzika kidogo kati ya mmoja na mwingine, kisha mwende kwenye vigari vya kugongana na treni ya watoto. Pimeni urefu wa kila mtoto nyumbani, kwa sababu michezo mingi ya kasi ina kimo cha chini kinachoruhusiwa, na kumweleza mtoto mapema kwamba mchezo fulani bado haujamfaa ni kumheshimu zaidi kuliko kumwacha arudishwe mbele ya wenzake.

Hatua ya 4: Leteni chakula cha mchana kabla ya njaa

Msingoje mtoto aombe chakula. Saa sita na nusu inatosha, kwa kuwa sehemu za kulia huwa hazijajaa. Kama mnabeba chakula chenu na bustani inaruhusu, kumbukeni kwamba chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, maana vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60. Wali, maharage na mchuzi wa karanga vitiwe kwenye hotipoti vikiwa vinafuka mvuke, na kama vimepoa kabisa wakati wa kula, ni afadhali kuviacha na kununua chakula cha moto. Vyakula salama zaidi kubeba ni vikavu na vyenye maganda: chapati, mandazi, karanga za kukaanga, ndizi na machungwa.

Maji yanywewe kidogo kidogo tangu asubuhi. Soda isichukue nafasi yake.

Hatua ya 5: Saa mbili za kivuli

Kampala na Entebbe ziko karibu sana na ikweta, na miale ya jua la mchana huunguza ngozi hata mbingu zikiwa na mawingu mepesi. Baada ya kula, familia nzima itafute kivuli au irudi chumbani. Watoto wadogo walale kweli, na wakubwa walale chali au wacheze kwa utulivu. Familia za Kiislamu ninazosafiri nazo huuchukua wakati wa swala ya adhuhuri kuwa mwanzo wa mapumziko haya, na nimeona kwamba watoto wao hutulia kwa urahisi kwa sababu kituo hicho wanakifahamu tangu nyumbani. Wazazi nanyi mpumzike. Mama anayetumia muda huu kufua nguo ataimaliza jioni akiwa hana nguvu.

Hatua ya 6: Alasiri, angalieni mbingu

Kandokando ya Ziwa Victoria ngurumo za alasiri ni za kawaida, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Alasiri basi iwe ya michezo ambayo mnaweza kuiacha haraka. Mkisikia radi, tokeni bwawani mara moja, shukeni kwenye bembea, na msijikinge chini ya mti. Ingieni ndani ya jengo au gari lililofungwa.

Hatua ya 7: Siku inayofuata iwe ya mwendo mwingine

Msirudie bustani ya michezo siku mbili mfululizo. Nendeni Entebbe, kilomita 40 hivi kutoka Kampala, kwenye kituo cha elimu ya uhifadhi wa wanyamapori kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Nendeni asubuhi, kwa sababu simba nao hulala joto linapozidi. Mchana mhamie Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, ambapo miti mikubwa inatoa kivuli cha kutosha kwa mkeka na usingizi. Mfuko wa chakula uwe umefungwa na uwe mkononi mwa mtu mzima, kwani tumbili wa pale huzunguka huru na hunyakua ndizi kutoka kwa mtoto bila kusita. Ondokeni kabla ya saa kumi jioni, ili mfike Kampala kabla ya msongamano na watoto wale wakiwa bado macho.