Siku tatu kwa gari mashambani Denmark: mwongozo kwa familia inayotoka Uganda

Ukiwa na siku tatu na watoto kiti cha nyuma, usijaribu kuizunguka Denmark yote. Ramani inakushawishi kwa sababu nchi ni ndogo, lakini ukishinda kwenye barabara kuu utaona malori na kingo za chuma tu. Mashamba yenyewe yako pembeni. Chagua kisiwa cha Fyn na visiwa vilivyo kusini mwake, ukae humo.

Njia nzuri ni ya duara. Kutoka Copenhagen shika barabara kuu ya E20 hadi daraja la Storebælt, uvuke mpaka Nyborg. Hapo acha barabara kuu, fuata rute 8 (rute ni barabara yenye namba) kupitia Egeskov hadi Faaborg, kisha rute 44 hadi Svendborg. Kutoka Svendborg rute 9 inakupitisha visiwa vya Tåsinge na Langeland mpaka bandari ya Spodsbjerg. Feri inakuvusha hadi Tårs, na unarudi Copenhagen kupitia Lolland na Falster kwa E47. Jumla ni kilomita 400 na kidogo, karibu sawa na Kampala hadi Kabale, ila hapa unazigawa kwa siku tatu. Faida nyingine ya duara hili ni kwamba daraja la Storebælt unalilipia mara moja tu. Ushuru wake kwa gari dogo lisilofika mita 6 ni zaidi ya kroni 200 kwa kuvuka upande mmoja, na kibanda cha malipo kiko upande wa Sjælland, kisiwa chenye Copenhagen, kabla ya kuvuka kwenda Fyn.

Kuhusu wakati: likizo ya muhula wa pili ya shule za Uganda huangukia mwishoni mwa Agosti na nusu ya kwanza ya Septemba, na ni wakati mzuri kwa safari hii. Watoto wa Denmark wamesharudi shuleni, kwa hiyo nyumba za wageni hazina msongamano wa Julai. Mwanzoni mwa Septemba jua huchwa karibu saa mbili usiku. Mchana joto huzunguka nyuzi 18 hadi 20, lakini upepo wa baharini hukata. Kila mtoto awe na koti la mvua na sweta, hata asubuhi ikianza na jua.

Mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji visa ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje hizo 15. Pamiti yako ya udereva beba ile halisi, si nakala, na uchukue pia pamiti ya kimataifa kabla ya kuondoka Kampala, kwa kuwa wakodishaji wa magari wanaweza kuidai kaunta hata kama pamiti yako imeandikwa kwa herufi za Kilatini. Ukibadilisha fedha, kataa noti ya kroni 1,000 na noti zote za zamani zilizotolewa kabla ya toleo la 2009. Zote zilikoma kuwa halali tarehe 31 Mei 2025, na atakayekuuzia kwa bei nafuu anakuuzia karatasi.

Sasa gari. Kodi otomatiki, hata ikiwa ghali kidogo. Uganda tunaendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia, na gia tunaibadilisha kwa mkono wa kushoto. Denmark vyote vimegeuka. Dereva aliyezoea gari la Kijapani ana mtego mwingine: indiketa ya gari la Ulaya iko mkono wa kushoto wa usukani, na waipa iko kulia. Siku ya kwanza utawasha waipa kila unapotaka kukata kona, na magari ya nyuma hayatajua unakokwenda. Kabla ya kutoka kwenye maegesho, kaa dakika kumi na gari limezimwa, uguse kila kitu: indiketa, taa, vioo, breki ya mkono. Kisha zunguka maegesho mara tatu nne kabla ya kuingia barabarani. Ikiwa mmetua usiku baada ya kuunganisha ndege, laleni kwanza. Kuendesha upande mgeni ukiwa na usingizi ni hatari isiyo na sababu.

Mtoto mwenye urefu chini ya sentimita 135 lazima akae kwenye kiti cha mtoto kinachomfaa kwa uzito na urefu wake. Agiza viti wakati wa kukodi, na utaje uzito wa kila mtoto badala ya umri pekee. Vikague kabla ya kuondoka: vuta mkanda kwa nguvu, na kiti kikicheza cheza, kifunge upya. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele kama eabegi haijazimwa.

Barabarani, hatari kubwa haiko kwenye barabara yenye magari, maana huko unafuata wenzako. Iko kwenye kijia kitupu, asubuhi, unapotoka shambani au kituo cha mafuta: mikono inakurudisha kushoto bila wewe kujua. Mpe abiria wa mbele kazi ya kusema "kulia" kwa sauti kila mnapoanza upya. Kwenye raundabauti unaingia kwa kuelekea kulia, unazunguka kinyume cha mshale wa saa, na unawapisha wanaotoka kushoto kwako. Wafundisheni watoto pia, kwa sababu wao wamezoea kutazama kulia kwanza wanapovuka. Huku gari la kwanza linatokea kushoto.

Baiskeli zinahitaji uangalifu wa pekee. Karibu kila mji una njia ya baiskeli upande wa kulia wa gari lako. Unapokata kulia, mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja ana haki ya kupita kwanza, na anapita kwa kasi akitegemea kwamba umemwona. Tazama kioo cha kulia, kisha geuza kichwa utazame bega la kulia, ndipo ukate. Bodaboda mjini Kampala hukupitia popote, hivyo macho yako tayari yana mazoezi. Tofauti ni kwamba huyu hapigi honi wala hakukwepi.

Mwendo ni kilomita 50 kwa saa mjini, 80 nje ya mji, na 110 au 130 kwenye barabara kuu kulingana na kibao. Kibao cha 50 mara nyingi hutakiona. Badala yake kuna kibao cheupe chenye jina la mji na mchoro mweusi wa nyumba na kanisa: hapo 50 imeanza. Kikirudi kikiwa na mstari mwekundu uliokikata, 50 imekwisha. Pembetatu nyeupe zilizochorwa kwenye lami, ncha zikikuelekea, maana yake pisha. Pasipo alama yoyote, mpishe anayetoka kulia. Taa za dimu huwaka muda wote, mchana pia. Kamera za mwendo huwekwa ndani ya magari yaliyoegeshwa kando ya njia, na faini itakufikia kupitia kwa mwenye gari. Tangu 2021, anayezidisha mwendo mara mbili ya kiwango akiwa juu ya kilomita 100 kwa saa anaweza kunyang'anywa gari, hata likiwa la kukodi.

Siku ya kwanza ondokeni Copenhagen saa tatu asubuhi, foleni ya kazini ikiwa imepungua. Hadi Nyborg ni kama kilomita 135. Darajani shika usukani kwa mikono miwili, maana upepo husukuma gari ubavuni, hasa lenye mizigo juu. Kutoka Nyborg ni mwendo wa nusu saa tu hadi Egeskov, kasri la 1554 lililojengwa ziwani juu ya nguzo za mwaloni. Tengeni muda wa saa nne nzima, kwa kuwa bustani zina njia za kupotezana za vichaka, na kuna maonyesho ya magari ya kale. Hufunguliwa majira ya joto na kufungwa majira ya baridi, hivyo hakikisha tarehe kabla ya kukata tiketi.

Laleni karibu na Faaborg, usiku zote mbili mahali pamoja. Kupakua na kupakia mizigo kila siku kunakula asubuhi ya watoto. Vibanda vya kambi, ambavyo Wadenmark huviita hytte, ni nafuu kwa familia na vina jiko, lakini mara nyingi shuka hazimo kwenye bei na usafi wa mwisho hulipiwa kando. Uliza yote mawili unapoagiza.

Siku ya pili ni ya vijia. Tafuta vibao vya kahawia vyenye ua jeupe la kiini cha njano. Hiyo ni Margueritruten, njia ya mandhari iliyofunguliwa 1991, na kwa nchi nzima ina zaidi ya kilomita 3,500. Ifuate kaskazini mwa Faaborg, kwenye vilima vya Svanninge Bakker, halafu ushuke kuelekea baharini. Njia ni nyembamba, na msimu huo matrekta ya mavuno huwa yamejaa. Usilipite trekta kwenye kona au mlimani. Dereva wake akipata nafasi mara nyingi atajisogeza. Vibao vya ua hupotea kwenye makutano, kwa hiyo pakua ramani kwenye simu mapema.

Kwenye vijia hivi ndiko kuna vibanda vya mazao, na kwetu hicho ndicho kiini cha safari. Ukitoka Masaka, pale Lukaya wauzaji hukimbilia dirisha la gari na mishikaki na gonja. Hapa hakuna atakayekuja. Utakuta meza ya mbao yenye paa dogo mbele ya nyumba, mifuko ya viazi imepangwa, bei imeandikwa kwa chokaa, na kopo lenye tundu la sarafu limefungwa kwa msumari. Mwenye shamba yuko kazini. Unachukua, unatumbukiza pesa, unaondoka. Kwa sababu hakuna anayekupungia mkono, utakipita kibanda kabla hujakiona. Mkabidhi mtoto mkubwa kazi ya kuangalia. Mkikipita, nendeni mbele mpaka mahali pa kugeuzia, usifunge breki ghafla. Egesha nje kabisa ya lami, si juu ya njia ya baiskeli.

Maneno ya kuyajua ni machache: kartofler ni viazi, æg mayai, honning asali, æbler matofaa, blommer plamu, majs mahindi, græskar maboga. Jordbær, stroberi, ni za Juni na Julai; Septemba msizitarajie kwa wingi. Mahindi yao ni laini na matamu kuliko ya kwetu, na yanaiva haraka yakichemshwa kwenye jiko la kambi. Shida kubwa ni malipo. Wadenmark wengi hulipa kwa MobilePay, programu ya malipo ya simu ambayo mgeni hawezi kujiunga nayo, na kopo halirudishi chenji. Siku ya kwanza vunja noti dukani, uwe na sarafu za kroni 5, 10 na 20, kiasi cha kroni 150. Ukikosa chenji kamili, ama ulipe zaidi ama uache. Usichukue ukiahidi kurudi.

Mbugani na kwenye nyasi ndefu kuna kupe. Jioni wakagueni watoto nyuma ya magoti, kwapani na nyuma ya masikio. Ukimkuta, mvute taratibu kwa kibanio kilichoshika karibu na ngozi. Doa jekundu likienea siku au wiki zinazofuata, muone daktari. Kwenye misitu ya watu binafsi, tembeeni kwenye njia tu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jua kuchwa. Maji ya bomba yananyweka, jazeni chupa bure. Chupa za soda zina amana, kama kreti za soda nyumbani: kroni 1, 1.50 au 3 kulingana na aina, na mashine ya dukani hukupa risiti ya kulipwa kaunta.

Siku ya tatu pitieni Svendborg, mvuke daraja hadi Tåsinge, mpande mnara wa kanisa la Bregninge muone visiwa, kisha Langeland. Feri ya Spodsbjerg huchukua dakika 45. Agiza nafasi ya gari mapema, ufike dakika 20 kabla, uvute breki ya mkono na kuzima injini. Tårs hadi Copenhagen ni saa mbili. Jioni punguza mwendo penye misitu kwa sababu ya paa wanaovuka.

Jaza mafuta kabla ya kurudisha gari. Hakuna mhudumu: unaingiza kadi na namba ya siri, unajaza mwenyewe. Lebo ya duara ni petroli, ya mraba ni dizeli. Linganisha na kifuniko cha tangi kila mara. Tunza risiti, na upige picha za pande zote nne za gari pamoja na dashibodi inayoonyesha mafuta na kilomita, kabla hujakabidhi ufunguo.