Paka wa India: tazama paji la uso kwanza

Ukienda kwenye maonyesho ya paka katika sanaa ya India, usizipite haraka picha za Kalighat, yaani zile zilizochorwa karibu na hekalu la Kalighat mjini Kolkata karne ya 19. Msogelee yule paka aliyebana kambamiti mdomoni, umtazame paji la uso: ana alama ya waumini wa Vishnu, mungu wa Wahindu; ni watu wanaosifika kwa kutokula nyama wala samaki. Mchoraji anamsema mnafiki wa dini, na mate ya uchu yuko nayo! Kejeli hii ni ya kale. Kwenye mwamba wa Mamallapuram, kusini mwa India, uliochongwa karne ya 7, paka kasimama wima mikono juu kama mtawa, panya wamemzunguka. Ila paka wa Shashthi, mungu wa kike anayelinda watoto kule Bengal, ni kipando chake na huheshimiwa. Usiwachanganye.