Antena ya kurushia isiiharibu ya kupokelea: nilivyozitenganisha kwenye mita 80

Sisi wa redio za ridhaa huku pwani tunajua mita 80 (bendi ya masafa ya karibu 3.6 MHz) inavyokaanga msimu wa mvua: radi za mbali zinapasuka kwenye spika usiku kucha. Ndiyo maana narushia kwa nguzo ya wima na kupokea kwa kitanzi cha waya wa mita 18 kilicholazwa chini. Tabu ni kwamba nguzo ya mita 20, hata ukiwa husemi, bado inaitikia 3.6 MHz. Inadaka kelele za chaja na taa za mtaa mzima, inazirusha upya, na kitanzi kinazimeza. Nilihamisha kitanzi kila kona ya kiwanja kabla sijajua kuwa umbali haukuwa tatizo langu la kwanza.

Hatua ya 1: jua kelele zinapita wapi. Kwenye transfoma ya kitanzi, pale kinapoungana na koaksi (kebo ya antena), chomoa waya wa kitanzi na uweke rezista ya omu 450 badala yake. Rudi ndani usikilize. Redio inatakiwa iwe kimya, kama haina antena kabisa. Ukisikia stesheni hata moja, koaksi yako ndiyo antena, na huko kuhamahamisha kitanzi ni kujichosha bure.

Hatua ya 2: izibe koaksi, kelele zisipite juu yake. Transfoma iwe na nyaya mbili zisizogusana. Mimi natumia kiini cha BN-73-202, mizunguko 2 upande wa koaksi na 6 upande wa kitanzi. Kisha zungusha koaksi mara 12 hivi kwenye duara la feraiti la FT240-31, moja karibu na kitanzi, jingine pale koaksi inapoingia nyumbani. Koaksi ya nguzo nayo ipate lake. Rudia hatua ya 1 mpaka pawe kimya.

Hatua ya 3: ikate nguzo wakati wa kupokea. Hapa ndipo nilipopata nafuu kubwa. Weka relei (swichi inayovutwa kwa umeme) ya ampea 10 chini kabisa ya nguzo, ikate waya wa kati wa koaksi. Nguzo ya robo wimbi ikiachwa inaning'inia, yaani haijaunganishwa na kitu, haiitiki tena kwenye mita 80. Usiiweke relei ndani kwa kukwepa kuchimba mtaro: kipande cha koaksi kinachobaki nje kinaweza kuirudisha nguzo kwenye masafa yale yale. Relei ivutwe na tundu la redio linaloendesha amplifaya, ifunge unaporusha tu, na koili yake uiwekee diodi ya 1N4007. Mguuni pa nguzo funga pia rezista ya kilo-omu 100 kwenda ardhini. Nguzo inayoning'inia hukusanya chaji wingu la mvua likipita.

Relei inachukua milisekunde 10 hadi 15 kufunga. Kwenye menyu ya redio chelewesha mawimbi kwa milisekunde 30, la sivyo utaunguza ncha zake.

Sasa sikiliza kwenye kitanzi, msaidizi akifunga na kufungua relei kwa mkono. Kwangu sindano ya kipimo cha mawimbi kwenye redio ilishuka alama mbili nzima kila ikifunguka.

Hatua ya 4: umbali. Kitoe kitanzi nje ya nyaya za ardhi za nguzo, kisipite juu yake hata kidogo. Mita 20 na zaidi zinafaa. Kiwanja kikiwa kidogo, nenda ukutani uishie hapo.

Hatua ya 5: pima kabla ya kubonyeza kitufe cha kurushia. Chukua NanoVNA (kipimo kidogo cha antena), tundu la kwanza kwenye koaksi ya nguzo, la pili kwenye ya kitanzi, relei imefungwa. Ikisoma −20 dB, wati 100 zako zinapeleka wati 1 nzima kwenye mlango wa kupokelea. Redio ya rafiki yangu ilikufa hivyo. Yangu inasoma −37 dB, yaani miliwati 20. Bado nimeweka kwenye mlango huo diodi za 1N4148 zilizopishana, mbili mbili kila upande, maana moja moja huanza kupitisha mapema stesheni kubwa za utangazaji zikiwa na nguvu, na utasikia vituo mahali ambapo havipo.