Spea za kigari cha gofu cha zamani

Wenye vigari vya gofu vya umeme vya zamani hapa Kampala, msiagize spea kwa kutaja jina la kampuni tu. Tafuta namba ya utambulisho. Kwenye vigari vya kampuni ya Club Car, tarakimu mbili baada ya herufi ni mwaka, mbili zinazofuata ni wiki: A9716 ni cha 1997.

Kisha funua kiti uhesabu betri. Sita za volti 6 ni mfumo wa 36. Sita za volti 8 ni 48. Solenoidi, yaani swichi inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota, lazima ilingane na volti hizo, muuzaji aseme atakalo.

Beringi je? Usisubiri meli. Ifungue, uende nayo Kisekka, soko la spea za magari. Namba imechongwa ubavuni, na fundi wa magari atakupatia.