Somo: Fundi wa nyumba na bima ya kazi, ipi uchukue na bei yake uitoe wapi

Somo hili ni la fundi wa kila kitu. Hapa Mombasa, leo unabadilisha kitasa Tudor, kesho unafunga hita ya maji Nyali, keshokutwa uko juu ya ngazi Bamburi na ndoo ya rangi. Una mtu mmoja au wawili wa mkono, yaani wasaidizi, sanduku la vifaa, pengine na gari la Probox. Makandarasi wa barabara na maghorofa wana bima zao za aina nyingine, hao siwagusi.

Wengi wetu huanza kuulizia bima siku msimamizi wa apatimenti anapotuzuia getini akidai cheti. Hapo mtu hutafuta ya bei ya chini kabisa ili apite. Atapita, lakini siku ya balaa ndiyo anafungua ile karatasi kwa mara ya kwanza na kukuta kazi yake yenyewe imo kwenye orodha ya yasiyolipwa.

Hatua ya 1: Andika kazi zako kama zilivyo

Kabla hujampigia wakala simu, chukua daftari uandike kazi ulizofanya miezi sita iliyopita. Zote, hata ile ya kumchomelea jirani geti. Kisha tia alama zilizohitaji ngazi au jukwaa, zilizohitaji moto, zilizogusa stima na zilizogusa maji. Hizo ndizo zinazoitia kampuni wasiwasi na ndizo zitakazopandisha bei.

Usifiche kitu. Ukijaza fomu kwamba wewe ni mpaka rangi tu, halafu nyumba ikaungua kwa cheche za kuchomelea, kampuni itakuambia haikuuziwa hatari hiyo, na itakuwa na haki. Upande wa stima sheria inataka leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Asiye nayo asitarajie bima imfunike.

Hatua ya 2: Panga kwa uzito wa balaa

Ya kwanza, kama una mtu wa mkono, ni WIBA. Jina hilo limetokana na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, na inamlazimu kila mwajiri kuwa nayo. Najua utasema wewe si mwajiri, ni fundi tu na kijana wako. Ukimlipa ujira na kumwambia panda ngazi, basi ni mwajiri. Sasa tazama mzigo wenyewe: kijana anayepata 22,000 kwa mwezi akifariki kazini, wategemezi wake wanastahili mapato ya miezi 96, yaani shilingi 2,112,000. Akipata ulemavu kamili wa kudumu, hesabu ni hiyohiyo. Ulemavu wa sehemu hukatwa kwa asilimia kufuata jedwali lililomo ndani ya sheria. Bila bima, pesa hizo zinatoka kwako.

Ya pili ni bima ya dhima kwa umma, ambayo kwenye hati utaiona imeandikwa Public Liability. Hii hulipa hasara unayowasababishia watu wengine na mali zao. Ndiyo ambayo wasimamizi wa majumba huitaka zaidi.

Ya tatu ni ajali binafsi. Watu huisahau hii. WIBA inamlinda kijana wako, haikulindi wewe mwenye kazi. Ukianguka wewe, WIBA haikulipi kitu, utakaa kitandani ukihesabu mbao za dari. Fundi anayefanya kazi peke yake aanze na ya pili na hii ya tatu.

Vifaa na gari huja nyuma. Bima ya gari ni ya lazima barabarani hata hivyo, ila hakikisha hati inasema gari linabeba mizigo yako ya kazi. Probox iliyokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani, ikigonga mtu huku imejaa mabomba na mifuko ya saruji, italeta maswali. Na ukibeba mizigo ya watu kwa malipo, hiyo ni aina nyingine tena na bei nyingine.

Hatua ya 3: Soma yasiyolipwa kwanza

Hapa ndipo pa kutulia. Tuseme umefunga sinki ghorofa ya pili. Umejaribu maji, umekausha, umelipwa, umekwenda zako. Baada ya wiki, saa tisa usiku, nati ya konekta inaachia. Maji yanapita sakafuni, siling ya jipsam ya jirani wa chini inaloa na kuangukia televisheni na kochi.

Siling, televisheni na kochi ni hasara ya mtu mwingine, na bima ya dhima ipo kwa ajili hiyo. Utakatwa ekses, yaani ile sehemu ya kwanza ya hasara unayoibeba mwenyewe. Nati, konekta na siku yako ya kurudia kazi havilipwi, kwa sababu bima hailipi kazi mbovu yenyewe, hulipa madhara yake. Kabati la sinki la mwenye nyumba nalo lina ubishi, maana hati nyingi huondoa mali iliyo mikononi mwako au ile hasa unayoifanyia kazi.

Lakini tatizo kubwa ni lile neno "umekwenda zako". Hati nyingi za kawaida huondoa madhara ya kitu ulichouza, ulichofunga au ulichotengeneza ukishakikabidhi. Yaani unalindwa maji yakimwagika ukiwa bado umepiga magoti chini ya sinki, hulindwi yakimwagika wiki ijayo. Kwa fundi wa maji hiyo ni nusu bima. Mwambie wakala aongeze kinga ya kazi iliyokwisha kukabidhiwa, na asikujibu kwa mdomo tu, iandikwe kwenye hati. Angalia pia tarehe: kwa kawaida kinachotazamwa ni siku hasara ilipotokea. Ukiiacha bima ikatike mwezi wa tano na nati ikaachia mwezi wa sita, huna kitu, hata kama kazi uliifanya ukiwa umelipia.

Tafuta na masharti ya urefu, maana hati nyingine hutaja mita ambazo ukizipita hulindwi. Tafuta masharti ya moto, kama kuwa na kizimamoto karibu unapochomelea. Usipoyatimiza, kampuni imepata mlango wa kutokea.

Jambo jingine ni la simu. Balaa likitokea, adabu yetu ni kuomba radhi papo hapo. Omba radhi, fungia maji, saidia kukausha. Lakini usiandike kwenye WhatsApp "nitalipa yote mama, usijali". Hati zinakataza kukubali dhima kabla kampuni haijaridhia, na ujumbe huo utaonyeshwa. Piga picha, mjulishe wakala siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Piga hesabu yako kabla ya kupewa yao

Viwango ninavyotumia hapa ni vya kuonyesha njia tu, kampuni itakupa vyake.

WIBA hupigwa kwa jumla ya mishahara ya mwaka. Kijana wa kwanza 1,500 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni 396,000 kwa mwaka. Wa pili 1,000 kwa siku, ni 264,000. Jumla 660,000. Kwa asilimia 2, ada ni 13,200. Dhima kwa umma hutegemea kikomo unachotaka, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa: milioni 5 kwa asilimia 0.5 ni 25,000. Vifaa vya 180,000 kwa asilimia 5 ni 9,000. Jumla ya ada hizi tatu ni 47,200; ajali binafsi na gari sikuzihesabu hapa.

Juu yake kuna tozo za serikali. Tozo ya mafunzo ni asilimia 0.2, Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima asilimia 0.25, na stempu shilingi 40 kwa kila hati. Hapo ni 212.40, na 120 za hati tatu. Utalipa 47,532 na senti kidogo. Ukiona wakala ameandika "gharama nyinginezo 3,000", muulize ni zipi.

Tahadhari mbili. Kampuni nyingi zina ada ya chini kabisa, kwa hiyo mwenye kijana mmoja anaweza kutozwa zaidi ya hesabu yake. Pia mishahara uliyotaja ni makadirio, na mwisho wa mwaka utatakiwa kutoa halisi. Anayetaja nusu ili alipe nusu, siku ya fidia naye hupimiwa kwa nusu.

Ukiomba bei kampuni tatu, wape zote karatasi moja yenye kazi zilezile, mishahara ileile, kikomo kilekile. Kisha linganisha ekses. Bima ya 18,000 yenye ekses ya 50,000 haina maana kwa fundi ambaye hasara zake nyingi ni za 30,000.

Hatua ya 5: Mteja ndiye ailipie

Mwaka una siku nyingi, lakini siku unazolipwa si zote. Kuna mvua za masika, kuna Ramadhani ambapo kazi hupungua, kuna siku za kuzungukia vifaa tu. Tuseme siku zinazolipwa ni 200. Gawa 47,532 kwa 200, upate karibu 238. Weka 240 ndani ya bei yako ya kila siku, kama unavyoweka nauli. Sipendi kuiandika peke yake kwenye kwotesheni za kawaida, kwa sababu mteja ataifuta kwanza hiyo. Ila kwa majumba yanayodai cheti, iandike waziwazi, wao ndio walioitaka.

Hatua ya 6: Lipa kwa kampuni

Kenya bima haichukuliwi kwa mkopo: kampuni haibebi hatari kabla ada haijaingia. Lipa kwa paybill ya kampuni, si kwa nambari ya simu ya wakala, hata akiwa shemeji yako. Tazama kama kampuni na wakala wamo kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Kampuni huanguka. Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, Resolution mwaka 2022. Ule mfuko wa fidia hukusaidia kidogo, lakini una kikomo chake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi wa Kisauni:* Mwalimu, mimi vijana wangu hubadilika kila wiki. Leo huyu, kesho yule. Nitawaandikishaje?

Omba hati isiyotaja majina, inayotaja idadi na aina ya kazi: mathalani watu wawili wa mkono, mmoja mpaka rangi. Kisha weka daftari la kila siku lenye jina, nambari ya kitambulisho, kazi na ujira, na kila mtu atie sahihi. Akiumia mtu ambaye hayumo kwenye daftari, utahangaika kuthibitisha kwamba alikuwa wako. Na ajali iripotiwe kwa ofisi ya usalama kazini ndani ya siku 7, usingoje kuona kama atapona.

*Dada wa Mtwapa, rangi na tailisi:* Kuna mteja anadai kikomo cha milioni 10, na kazi yenyewe ni ya siku mbili, 18,000. Mimi nina cha milioni 5.

Dada, muulize wakala bei ya kuongeza kikomo, kisha mpelekee mteja kama mstari wake kwenye kwotesheni. Mara nyingi akiiona ataridhika na milioni 5. Asiporidhika na hataki kulipia, kazi hiyo muachie mwingine. Na usome mkataba wake vizuri. Ukitia sahihi kwamba utabeba hasara zote za jengo hata zisizo zako, bima haitakufuata huko.

*Mzee wa Likoni:* Nimejiunga na SHA na vijana wangu wote wamejiunga. Haya mengine ya nini?

Mzee wangu, SHA ni ya matibabu. Kijana akivunjika mguu, hospitali itashughulikiwa, lakini ujira wake wa miezi minne ya kukaa nyumbani hautoki SHA, wala fidia ya ulemavu. Hizo sheria inamdai mwajiri, na mwajiri ni wewe.

*Mwanachama wa Majengo:* Bima ya kawaida moyo wangu haujaikubali. Hakuna njia ya halali?

Ipo. Takaful Insurance of Africa ilianza Kenya mwaka 2011 na hufuata misingi ya sharia ya Kiislamu. Waendee na karatasi ileile ya Hatua ya 4, na uwaulize lile swali la kazi iliyokabidhiwa kama unavyomuuliza mwingine yeyote. Jina la takaful halikuondolei kazi ya kusoma hati.

*Fundi wa Changamwe:* Niliegesha gari nje ya msikiti, nikatoka grainda na drili hazipo. Kampuni inasema milango haikuvunjwa.

Pole sana kaka. Hati nyingi za wizi hutaka alama za kuvunja. Kama ulisahau kufunga, sioni njia. Kama kufuli lilichokonolewa, mpeleke fundi wa makufuli alitazame aandike, uambatanishe na abstrakti ya polisi na risiti za vifaa. Ukishinda, jua pia watatazama thamani uliyotaja. Vifaa vya 180,000 ukivikatia bima ya 90,000, wizi wa 40,000 utalipwa 20,000, tena kabla ya ekses.

*Yuleyule:* Na wakikaa kimya? Mwenzangu amengoja miezi minne.

Sheria ya Bima, Sura 487, inaipa kampuni siku 90 kulipa madai yaliyoripotiwa na kuthibitishwa. Mwenzako aandike barua moja fupi yenye nambari ya hati, tarehe aliyoripoti na nakala za alichowasilisha, aipeleke kampuni igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, nakala hiyohiyo yenye muhuri aipeleke IRA. Simu za kila siku kwa wakala haziachi alama mahali.